Diaspora, mhamiaji, mkimbizi: Maneno ya watu waliotawanyika na kwa nini tofauti yake ni kubwa

Chukua mfano wa mama mmoja wa Tukuyu mwenye watoto watatu, wote wako mbali na nyumbani.

Kifungua mimba ni muuguzi Houston, Marekani. Ameishi huko miaka mingi na sasa ana pasi ya Kimarekani. Wa pili anauza mchele Lubumbashi, Kongo, na pasi yake bado ni ya Tanzania. Kitinda mimba anafanya kazi za ndani Muscat, Oman, kwa mkataba wa miaka miwili.

Jirani akimuulizia habari za wanawe, mama hujibu kwa kifupi: "Wametawanyika."

Lakini kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mambo ni tofauti. Mchango wa harusi au msiba ukiitishwa, katibu anaandika: "Tunamsubiri mtu wetu wa diaspora." Hapo kila mmoja anajua anasemwa yule wa Houston. Wa Lubumbashi akituma laki mbili, linaandikwa jina lake tu, basi. Wa Muscat anaitwa "dada wa Uarabuni".

Hivi diaspora ni nani hasa? Na kwa nini watoto watatu wa tumbo moja, wote waliovuka mpaka kutafuta maisha, wanapewa majina matatu?

Neno lililotoka shambani

Diaspora ni neno la Kigiriki lililopita kwenye Kiingereza kabla ya kufika kwetu. Limeundwa na sehemu mbili: "dia", yaani kupitia au huku na huku, na "speirein", yaani kupanda au kumwaga mbegu.

Kwa hiyo picha ya kwanza ndani ya neno hili ni ya mkulima anayerusha mbegu kwa mkono. Mbegu zinaangukia mbali na mkono uliozirusha, lakini zinaota, na zinaota mmea uleule.

Neno lilipata uzito wake katika karne ya 3 Kabla ya Kristo, pale maandiko ya Kiebrania yalipoanza kutafsiriwa kwa Kigiriki mjini Alexandria, Misri. Watafsiri walilitumia kuwazungumzia Wayahudi walioishi nje ya nchi yao. Wababeli waliuharibu mji wa Yerusalemu mwaka 586 Kabla ya Kristo na kuwachukua watu wengi. Warumi nao walilibomoa Hekalu mwaka 70 Baada ya Kristo.

Kwa karne nyingi, mtu wa Ulaya akisikia "diaspora" alielewa Wayahudi, wala si watu wengine.

Kiswahili nacho hakikuwa mbali. Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Union, katika mwanzo wa Waraka wa Kwanza wa Petro, inatumia neno "Utawanyiko" pale ambapo Kigiriki kina diaspora. Kumbe neno la Kiswahili lilikuwepo muda mrefu kabla ya "diaspora" kuingia kwenye hotuba za mawaziri.

Dar es Salaam imo kwenye historia ya neno hili

Wengi hawajui kwamba safari ya neno diaspora kuja kwa Waafrika inapita Dar es Salaam.

Oktoba 1965, wanahistoria kutoka nchi mbalimbali walikutana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kwenye kongamano la kimataifa la historia ya Afrika. Mmoja wao alikuwa George Shepperson wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, mtu aliyewahi kutumikia katika kikosi cha King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Shepperson alitoa mada iliyowaangalia Waafrika walio nje ya bara kama diaspora. Mada hiyo ilichapishwa mwaka 1968 pamoja na nyingine za kongamano lile, na inatajwa hadi leo kila wasomi wanapoeleza jinsi jina "diaspora ya Afrika" lilivyoshika.

Hoja yake haikuwa ndogo. Katika biashara ya utumwa ya Bahari ya Atlantiki, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli. Walioshuka wakiwa hai ng'ambo ya pili ni kama milioni 10.7. Wajukuu na vitukuu vyao wako Brazil, Jamaika, Haiti, Marekani na kwingineko.

Kuwaita watu hao "diaspora" ilikuwa na maana kwamba wana chimbuko, wana uhusiano na bara lao, na kwamba kutawanyika kwao hakukuwafuta.

Kiswahili kilikuwa na maneno, lakini yalitaja mahali

Ukikusanya maneno ya Kiswahili yanayokaribiana na diaspora, utaona jambo moja. Mengi yanataja mahali alikokwenda mtu, si mtu mwenyewe.

*Ng'ambo* ni upande wa pili wa maji, uwe wa mto au wa bahari. Mtu aliyevuka kwenda kusoma Uingereza amekwenda ng'ambo. Zanzibar jina hilo limebaki kwa mitaa iliyokuwa upande wa pili wa hori, ikitazamana na Mji Mkongwe. Hori lilifukiwa zamani, jina bado lipo.

*Ughaibuni* linatokana na ghaibu, neno lenye asili ya Kiarabu. Ghaibu ni kile kisichoonekana kwa macho; ndiyo maana husemwa kuwa mambo ya ghaibu anayajua Mungu. Aliye ughaibuni hayupo machoni pa watu wake.

*Majuu* ni la mtaani. Linasikika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na linabeba sifa ndani yake. Mtu wa majuu anategemewa awe na hela. *Mamtoni* nalo lilivuma sana Bongo kwa maana hiyohiyo, likielekea zaidi Ulaya na Marekani.

*Ugenini* ni popote pasipo kwako. Hata timu ya mpira ikitoka Dar es Salaam kwenda kucheza Mwanza iko ugenini.

*Uhamishoni* ni mahali alipo mtu aliyelazimika kuondoka, mara nyingi kwa sababu za kisiasa. Husemwa "serikali iliyo uhamishoni" au "kiongozi wa upinzani anayeishi uhamishoni".

Diaspora ni tofauti na yote hayo kwa sababu kimsingi linataja kundi la watu. Hapo ndipo lilipoziba pengo. Kusema "Watanzania waishio ughaibuni" kunachosha, hasa kwenye kichwa cha habari. "Diaspora watakiwa kuwekeza nyumbani" kunatosha.

Ila mazungumzo ya kila siku yana kawaida yake. Leo watu husema "yuko diaspora" kana kwamba ni nchi yenye uwanja wake wa ndege. Katika maongezi haina shida, mradi anayesikia anaelewa. Kwenye maandishi rasmi ni bora diaspora wabaki kuwa watu: "diaspora wa Kenya wamechangia", "wanadiaspora wamekutana", "mwanadiaspora mmoja ameuliza".

Kutawanyika si kuzagaa

Nomino ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye vitenzi, na hapo ndipo hisia za msemaji zinapojitokeza bila yeye kukusudia.

*Tawanyika* hakina lawama. Baada ya mazishi watu hutawanyika. Ukisema *tawanya*, tayari kuna mtu aliyefanya: "Polisi waliwatawanya waandamanaji kwa mabomu ya machozi."

*Enea* na *sambaa* vinaonyesha kufika sehemu nyingi. Kiswahili kimeenea, habari imesambaa. Lakini ugonjwa nao husambaa, kwa hiyo kikitumiwa kwa watu kinahitaji uangalifu.

*Tapakaa* kina picha ya kujaa kila kona, kama matope baada ya mvua.

*Zagaa* kinaelekea kwenye vurugu na uchafu. Takataka zimezagaa. Bidhaa feki zimezagaa. Mbwa wasio na mwenyewe wamezagaa.

Sasa linganisha sentensi mbili. "Wahamiaji wamezagaa mjini" ni sentensi ambayo mtu anaweza kuisikia kijiweni na asishtuke. "Diaspora wetu wamezagaa London" haisemwi kabisa. Kinachoelezwa ni kilekile: watu wa nchi moja wako wengi katika mji wa nchi nyingine. Kilichobadilika ni upande alipokaa msemaji.

Kuna kitenzi kimoja zaidi, *sambaratika*. Chama kinaweza kusambaratika, ndoa inaweza kusambaratika. Maana yake kilichokuwa kitu kimoja kimevunjika na vipande havirudi pamoja.

Hapo ndipo maana ya diaspora inapokuwa wazi. Ni watu waliotawanyika lakini hawakusambaratika. Wako mbalimbali, ila bado wanaulizana hali, wanachangiana, wanafundishana lugha, na wanajua makaburi ya babu zao yako wapi. Wanaweza kuwa kizazi cha tatu huko walipo, lakini uzi haujakatika.

Kwa kipimo hicho, watoto wote watatu wa mama wa Tukuyu ni diaspora, pamoja na yule muuza mchele.

Mzizi mmoja, hali tofauti

Kitenzi *hama* kimezaa maneno yanayofanana kwa sauti huku yakitofautiana sana kwa maana.

*Mhamiaji* ni aliyehama na kwenda kukaa kwingine. Neno lenyewe halisemi kama ana kibali au hana. *Uhamisho* unatokana na kuhamishwa, yaani kuna mwingine aliyeamua. Ndiyo maana Wayahudi walikuwa katika uhamisho wa Babeli, na ndiyo maana mwalimu wa Lindi akipangiwa shule Kigoma husema amepata uhamisho.

*Mkimbizi* ni hali ya kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtambua mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua mlango huo. Uliwaingiza pia wanaokimbia uvamizi, kutawaliwa na wageni, au vurugu zinazovuruga sana amani ya nchi.

*Mwomba hifadhi* ni yule ambaye amefika na kuomba, lakini bado hajajibiwa.

*Wakimbizi wa ndani* ni neno lililozoeleka sana Kenya baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu takriban 600,000 waliyahama makazi yao. Kisheria jina hilo lina utata, kwa kuwa mkimbizi lazima awe amevuka mpaka wa nchi yake. Hawa walikuwa ndani ya nchi yao, chini ya serikali yao, na hiyo serikali ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kwanza kwao. Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba maalumu kuhusu watu wa namna hiyo mjini Kampala mwaka 2009.

*Mlowezi* lina mambo. Katika historia ya Kenya, walowezi ni Wazungu waliochukua mashamba makubwa ya nyanda za juu wakati wa ukoloni. Kwenye lugha ya maofisa uhamiaji wa Tanzania, mlowezi ni mtu aliyeingia miaka mingi iliyopita, mara nyingi mikoa ya mpakani kama Kigoma na Kagera, akakaa, akazaa, bila kuwa na karatasi. Jina ni moja kwa aliyekuja akiwa na serikali nyuma yake na kwa anayekimbia akimuona ofisa wa serikali.

Halafu kuna *wahamiaji haramu*. Mara kwa mara vyombo vya habari Tanzania huripoti kukamatwa kwa vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kwenye malori kuelekea Afrika Kusini. Njiani jina lao ni hilo. Wakifika salama Johannesburg, wakafungua duka na kuanza kutuma pesa kwao, nyumbani Ethiopia wanahesabiwa kuwa diaspora.

Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka taasisi zake zitumie maneno yenye maana ya wafanyakazi wahamiaji "wasio na nyaraka". Sababu inaeleweka kirahisi. Kitendo cha kuvuka bila kibali kinaweza kuwa kosa, lakini binadamu mwenyewe hawezi kuwa haramu.

Na yule mshauri wa mradi aliyetoka Ulaya, anayekaa Masaki au Karen kwa miaka kumi? Naye amehama. Lakini hakuna anayemwita mhamiaji. Anaitwa "mtaalamu wa nje".

Morogoro na Mazimbu: Mtu yuleyule, majina mawili

Mfano mzuri wa jinsi jina linavyompa mtu heshima uko Morogoro.

Mwaka 1978 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifungua Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu pale Mazimbu, kwenye ardhi waliyopewa na Tanzania. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi walisoma pale, wakalima, wakazaa, na wengine wakazikwa palepale. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Watu hao walikuwa wamekimbia nchi yao na wanaishi kwa hifadhi ya nchi nyingine. Lakini wenyeji hawakuwaita wahamiaji. Waliwaita wapigania uhuru.

Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa, na uamuzi huo uliingia kwenye lugha ya mtaani. Jina lilimwambia mwenyeji wa Morogoro ampokeeje mgeni wake.

Je, diaspora huisha?

Swali hili halina jibu moja, na eneo letu lina mifano miwili ya kuliangalia.

Wa kwanza ni Oman. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka visiwani. Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970, aliwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Wengi walirudi, wakiwemo waliozaliwa Unguja na Pemba ambao hawakuwahi kuiona Muscat.

Huko waliitwa Zinjibari, yaani watu wa Zanzibar. Hadi leo kuna nyumba Muscat ambazo Kiswahili kinazungumzwa sebuleni na jikoni. Sasa nani diaspora wa nani? Walipokuwa Zanzibar walikuwa watu wa Oman walioko nje. Walipofika Oman wakawa watu wa Zanzibar. Kutawanyika mara mbili kumewapa nyumbani kuwili.

Wa pili ni Wamakonde wa Kenya. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa pwani ya Kenya, hasa Kwale. Watoto na wajukuu walizaliwa Kenya, lakini kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, hupati kazi rasmi, na hata laini ya simu unasajili kwa jina la mtu.

Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki hiyo. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho, na baadaye wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Hawa hawakuwa na faida ya kuitwa diaspora. Msumbiji haikuwa inawaitia makongamano, na Kenya iliwahesabu wageni. Walikuwa wametawanyika bila kuwa na jina la kuwalinda.

Pesa, kura na ardhi

Sababu kubwa ya neno diaspora kupendwa na serikali haijifichi: ni fedha.

Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Mwaka mmoja kabla zilikuwa takriban dola bilioni 4.2. Hizo ni fedha nyingi kuliko nchi hiyo inavyopata kwa kuuza chai nje. Mwaka 2022 Kenya iliunda idara kamili ya serikali kwa ajili ya masuala ya diaspora.

Umoja wa Afrika nao, mwaka 2003, ulipitisha marekebisho ya mkataba wake ili kuialika diaspora kushiriki katika ujenzi wa bara. Tangu hapo husikika ikiitwa "kanda ya sita" ya Afrika. Maelezo yake yanasema ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara, bila kujali uraia wao, na walio tayari kuchangia maendeleo.

Soma vizuri: *nje ya bara*. Kwa maelezo hayo, muuza mchele wa Lubumbashi hayumo.

Kwa upande wa uraia, nchi jirani zimechukua njia tofauti.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na inampa Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia nafasi ya kuurudisha. Wakenya walio nje pia wanamchagua rais. Mwaka 2013 walipiga kura walioko Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kufikia uchaguzi wa 2022 orodha ilikuwa na nchi 12, zikiwemo Marekani, Uingereza, Kanada, Ujerumani na Qatar.

Tanzania haijaruhusu uraia pacha kwa watu wazima. Anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania. Serikali imechagua njia ya Hadhi Maalumu kwa raia wa nchi nyingine wenye asili ya Tanzania, ili wapate baadhi ya nafuu bila kuwa raia.

Ndiyo maana jambo hili linagusa ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka msingi kwamba asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hadhi Maalumu imekuja kulegeza ugumu wa namna hiyo, na mtu anayehusika anapaswa kujua yuko kundi gani kabla hajatuma hela ya kiwanja kwa jina la binamu.

Hapo ndipo neno diaspora linaweza kumpoteza mtu. Kwenye kongamano, Mtanzania mwenye pasi ya Tanzania aliyeko Muscat na mwenye pasi ya Marekani aliyeko Houston wote ni "diaspora wetu". Wanakaa meza moja na kupigiwa makofi sawa. Kwenye ofisi ya ardhi mmoja ni raia, mwingine si raia.

Namna ya kuyatumia maneno haya

Kwa anayeandika habari, anayeongoza kikao cha ukoo, au anayeposti tu mtandaoni, mambo machache yanasaidia.

*Diaspora* litumike kwa kundi lililotawanyika na bado lina uhusiano na chimbuko lake. Halichagui utajiri wa nchi alikokwenda mtu. Mtanzania aliyeko Lusaka, Maputo au Lubumbashi anastahili neno hilo katika mazungumzo ya kawaida sawa na aliyeko London.

*Ughaibuni* na *ng'ambo* ni mahali. "Anaishi ughaibuni" ni sahihi; "yeye ni ughaibuni" si sahihi.

*Majuu* na *mamtoni* yabaki kwenye utani na maongezi. Kwenye barua ya ubalozi hayakai.

*Mkimbizi* lisitumike kwa kila mgeni mwenye shida. Ni hali yenye ulinzi wake, na kulitumia ovyo kunawapunguzia uzito wanaolihitaji.

*Uhamishoni* litumike pale ambapo kurudi si salama au hakuruhusiwi. Mtu aliyekwenda kusoma Uturuki kwa ufadhili hayuko uhamishoni hata kama anakumbuka ugali wa kwao.

*Haramu* lielekezwe kwenye kitendo, si kwa mtu. "Wameingia bila kibali" inatosha na inaeleza jambo lenyewe.

Kwa vitenzi, kipimo ni chepesi. Badilisha kundi linalosemwa, weka watu wa kwenu walioko nje, kisha usome sentensi tena. Ikikukera, basi kitenzi ndicho chenye shida.

Siku ya kugawana shamba

Rudi Tukuyu. Mama ana shamba la chai na migomba aliloachiwa na marehemu mumewe. Anataka watoto wote watatu waandikwe mapema, kusiwe na ugomvi baadaye.

Kwake yeye, wote wako mbali kwa namna moja. Wa Houston anapiga simu Jumapili, wa Lubumbashi anakuja na gunia la mchele Krismasi ikikaribia, wa Muscat anatuma ujumbe wa sauti usiku kazi zikiisha.

Lakini akienda kuulizia taratibu, ofisa hatamuuliza nani ni diaspora. Atauliza kila mmoja ana pasi ya nchi gani. Wa Lubumbashi, ambaye kwenye kundi la ukoo hajawahi kuitwa mtu wa diaspora hata siku moja, ataandikwa bila maswali mengi, na yule wa Muscat vilevile. Kwa kifungua mimba, aliyejenga nusu ya nyumba ile kwa pesa za zamu za usiku hospitalini, itabidi mama aulize habari za Hadhi Maalumu: fomu ni ipi, na inamruhusu kufanya nini kwenye shamba la baba yake.